Usiku wa Panama, Mjini na Pwani

Msomaji aliyepata kusimama Likoni akingoja kivuko, akazitazama meli kubwa ziingiazo Kilindini, bila shaka amekwisha kuliona neno PANAMA limeandikwa nyuma kwenye tezi, chini ya jina la meli. Mimi tangu utoto nililisoma neno hilo, nikidhani kuwa Panama ni dola kubwa yenye matajiri wengi wa vyombo. Kumbe ni nchi ndogo, yenye watu milioni nne na kitu, nyembamba kama kiuno cha nyigu, baina ya Amerika mbili. Na meli zile nyingi si zake. Matajiri wa nchi nyingine huziandikisha huko kwa kuwa ada ni nafuu na masharti ni mepesi, na mtindo huo umekuwako tangu miaka ya 1920.

Mpwa wangu ni baharia katika meli moja ya namna hiyo. Mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka 2024 mkataba wake ulimalizika, akateremka katika bandari ya Balboa, upande wa Bahari ya Pasifiki. Badala ya kurejea nyumbani akaleta habari kuwa atakaa Panama siku kumi "kuuona usiku wa huko," kwani mabaharia wenzake walikuwa wamemsimulia sifa zake katika kila zamu ya usiku. Dada yangu alipoyasoma maneno hayo usingizi ulimruka. Mimi wakati huo nilikuwa Kanada kwa watoto wangu. Akanipigia simu, akasema, "Kaka, wewe uko karibu kuliko mimi. Nenda ukaniangalilie mtoto." Mtoto mwenyewe ana umri wa miaka 24, na ndevu anazo. Nikaenda.

Nataka kuyasimulia niliyoyaona kwa insafu. Wako wenzetu wanaozieleza nchi kama hizi kana kwamba kila taa inayowaka baada ya Isha ni taa ya Jahanamu. Na wako wauzaji wa safari wanaozieleza kana kwamba ni pepo iliyoshushwa duniani kwa bei ya tikiti. Wote wawili wamempunja msomaji.

Panama kwanza humpoteza mgeni katika pande za dunia. Ramani ya nchi imelala kama herufi ya S iliyoangushwa ubavuni, na kwa sababu hiyo mtu aliyesimama katika jiji la Panama huliona jua likichomoza upande wa Pasifiki, bahari ambayo tulifundishwa shuleni kuwa iko magharibi. Mpwa wangu alinionyesha jambo jingine la ajabu: meli iliyotoka Bahari ya Atlantiki ikapita Mfereji, mwendo wa kilometa 80 hivi, hutokea Pasifiki ikiwa imesogea mashariki kuliko ilikoingilia. Kadhalika kibla. Sisi wa Mombasa tumezoea kuielekea kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa mji wetu na Makka karibu viko katika mstari mmoja wa longitudo. Panama kibla iko baina ya kaskazini na mashariki, ikivutwa zaidi na mashariki. Usiku wa kwanza nilipotandaza msala hotelini nilijikuta nimeshautazama ukuta wa kaskazini kwa mazoea, kijana akanigeuza kwa mabega.

Saa nazo zina mambo yao. Panama iko nyuma yetu kwa saa 8 kamili. Itimiapo saa tatu ya usiku huko, wakati madisko yanapofagiwa na wapiga muziki wanajaribu vipaza sauti, kwetu Mombasa ni saa kumi na moja alfajiri, na waadhini wameshika vipaza sauti vyao. Jambo hilo lilinikaa moyoni siku zote nilizokuwa kule.

Nilifika Ijumaa, tarehe 3 Mei. Mpwa wangu alinipokea kwa adabu, akanibusu mkono, akachukua mzigo wangu; lakini usoni niliona kuwa anajua kilichonileta. Hatukulisema. Alikuwa amepanga kwamba Jumamosi usiku atakwenda Casco, yaani mji wa kale, kwenye maroshani na madari yanayosifiwa. Kwa kudura ya Mwenyezi Mungu Jumapili ile, tarehe 5 Mei, ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu, ambao Bwana José Raúl Mulino alishinda urais. Na sheria ya nchi hiyo ni kwamba tangu adhuhuri ya siku ya kabla ya uchaguzi mpaka adhuhuri ya siku ya baada yake, ni marufuku kuuza pombe. Wenyewe huiita ley seca, maana yake sheria kavu. Nchi inayouza ulevi mwaka mzima, hata katika makasino yaliyo ndani ya mahoteli, siku inapotaka watu wake wapime jambo kwa akili hufunga chupa kwanza! Sikumwambia kijana neno, nilikohoa tu.

Basi tukauona mji wa anasa ukiwa mkavu. Jumamosi baada ya Isha tulishuka Casco. Mji huu ulijengwa mwaka 1673, baada ya mji wa kwanza, ulioasisiwa na Wahispania tarehe 15 Agosti 1519, kuteketea katika shambulio la haramia Henry Morgan mwaka 1671. Njia zake ni nyembamba na zimetandikwa matofali. Nyumba zina roshani za mbao na za chuma zinazoning'inia juu ya vichwa vya wapitao, na mtu aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja hatajiona mgeni hapo. Mwaka 1997 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu hapo nyumba nyingi zilizokuwa magofu zimegeuzwa mahoteli, mikahawa na baa, na masikini waliokuwa wakikaa humo wengi wamehama. Usiku ule milango ya baa ilikuwa imekomewa. Wahudumu wachache waliketi vizingitini wakitazama simu zao. Kijana akasema, "Mjomba, tumekuja mji umelala."

Lakini mji haukuwa umelala. Tulipotoka Casco tukafuata barabara ya ufukweni iitwayo Cinta Costera, tulikuta halaiki ya watu. Hii ni njia pana iliyojengwa kwa kujaza kifusi baharini, sehemu yake ya kwanza ikamalizika mwaka 2009, nayo ina bustani, viwanja vya mpira na nafasi ya kutembea kwa miguu. Wazee walikuwa wameketi juu ya ukuta wa bahari wakipunga upepo. Watoto wanapanda baiskeli. Wasichana wanakimbia mazoezi pamoja na mama zao. Wauzaji wenye vigari walikuwa wakikwangua barafu, wakaimiminia sharubati ya rangi na maziwa mazito ya kopo. Kitu hicho huitwa raspado, na mpwa wangu alikula viwili. Mbali baharini zilionekana taa za meli zilizotia nanga kungoja zamu ya kupita Mfereji; ukame wa mwaka 2023 ulipunguza maji ya ziwa la Gatún, na Mfereji huo huzipandisha meli kwa maji matamu ya ziwa wala si kwa maji ya bahari. Kijana alizihesabu taa hizo, akaanza kunieleza kila chombo ni cha aina gani kwa jinsi taa zake zilivyopangwa. Tulikaa pale mpaka saa tano. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa naye muda mrefu namna ile tangu alipokuwa akisoma chuo.

Siku ya Jumapili tuliswali Adhuhuri msikitini. Waislamu wa Panama si wengi, lakini wamekaa muda mrefu: wazee wa Kihindi kutoka Gujarati walianza kufika mwanzoni mwa karne ya ishirini, kisha Waarabu wa Lebanon na Palestina, ambao wengi wao ni wafanyabiashara katika mji wa Colón, penye eneo huru la biashara lililoanzishwa mwaka 1948. Ndani ya saa moja nilisikia Kigujarati, Kiurdu, Kiarabu na Kihispania. Na Kihispania chenyewe, msomaji, kina kumbukumbu za dini yetu ambazo wasemaji wake wamezisahau. Mpanama akitaraji jambo husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu kwa maana ya Mungu akipenda. Sukari huiita azúcar. Na wanapoagana kwa kusema hasta mañana, ile hasta ni ndugu wa hata yetu, zote mbili ni watoto wa hatta ya Kiarabu.

Mzee mmoja wa Kigujarati, muuza vitambaa, alitukaribisha chai. Nilipomweleza shughuli iliyonileta alicheka kwa huruma. Akasema kuwa yeye ana wana watatu waliokulia mji huu, na aliwahi kumfungia mlango mmoja wao aliyerudi usiku wa manane. "Nilifunga mlango mmoja," akasema, "kumbe Casco ina milango mia iliyo wazi." Ilimchukua miaka miwili kumrudisha mtoto mezani pake. Kisha akatuhadithia kisa cha Bayano, na mimi naona kinafaa kusimuliwa hapa.

Katika miaka ya 1550 Waafrika waliotekwa na kupelekwa Panama kuwa watumwa walitoroka kwa wingi, wakajenga ngome msituni, wakamtawaza mmoja wao aitwaye Bayano kuwa mfalme. Waandishi kadhaa wamesema kuwa yeye na jamaa zake walikuwa Waislamu wa Kimandinka. Ushahidi wa hayo naona ni mwembamba, ingawa moyo ungependa yawe kweli. Jambo lililoandikwa na Wahispania wenyewe ni jinsi alivyokamatwa. Askari walimpigania miaka wasimweze. Mwishowe jemadari Pedro de Ursúa akaenda kwake na maneno ya suluhu, akamfanyia yeye na watu wake karamu kubwa, na katika mvinyo wa karamu hiyo akatia dawa. Walipolegea wakafungwa minyororo. Leo mto mkubwa wa mashariki ya nchi una jina lake, na bwawa la umeme pia. Mpwa wangu alisikiliza kisa hiki bila ya kuinua macho kutoka kikombe chake.

Jumatatu adhuhuri chupa zikafunguliwa. Alhamisi usiku tulirudi Casco pamoja. Nilikuwa nimemwambia kuwa akitaka kuona nitakwenda naye, akakubali, nadhani kwa kunistahi. Ilikuwa kama mji mwingine. Njia zilizokuwa kimya sasa zilitetema. Kutoka kila dari ulishuka muziki wake, ukagongana na muziki wa dari la jirani. Magari makubwa yasiyo na kuta, yaitwayo chiva, yalipita yakiwa yamepakia wanywaji na wapiga ngoma, yakawa yanazunguka jiji kama arusi isiyo na bibi arusi.

Nitasema lililo kweli: si kila kitu kilikuwa kibaya. Roshani zilipendeza, upepo ulikuwa mzuri, na muziki wenyewe una historia ya kuheshimiwa. Mfereji ulichimbwa na Wamarekani tangu mwaka 1904 hata ulipofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, lakini mikono iliyochimba ilikuwa zaidi ya watu weusi wa Barbados, Jamaika na visiwa vingine vya Karibi, ambao walilipwa kwa daftari la fedha, na Wamarekani weupe kwa daftari la dhahabu, na kila daftari lina dirisha lake, shule zake na nyumba zake. Wajukuu wa wachimbaji hao ndio walioanza kuimba rege kwa Kihispania, na muziki huo sasa unasikika dunia nzima kwa majina mengine. Mtu hawezi kuudharau.

Tuliketi juu ya dari moja, tukaagiza maji ya matunda. Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo, mjukuu wa mchimbaji wa Barbados, anayejua Kiingereza cha nyumbani kwao. Kijana wangu alimwuliza kama kazi yake inafurahisha. Akasema kuwa anafunga saa tisa ya usiku, na treni ya chini ya ardhi ya kumrudisha kwake San Miguelito haianzi mpaka saa kumi na moja. Kwa hivyo yeye na wenzake huketi saa mbili nzima juu ya ngazi za kanisa, viatu wamevua, wakilindana, kwa kuwa teksi hula mshahara. Watoto wake huamshwa kwenda shule na jirani. Alisema haya bila ya kulalamika, huku akipanga glasi. Meza ya pili kijana mmoja mlevi alimshika kiuno alipopita. Mama yule akaondoa mkono ule kama mtu aondoaye sisimizi, akaendelea. Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Saa nne na nusu akasema yeye mwenyewe, "Mjomba, twende."

Nilidhani nimeshinda. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Usiku wa Ijumaa tulipanda basi la Almirante, mwendo wa saa kumi hivi kuelekea pwani ya Karibi. Baridi ya mashine za basi lile sitaisahau. Abiria wenyeji walipanda na mablanketi, sisi tulijifunika kikoi kimoja. Alfajiri tuliswali gatini Almirante juu ya mbao zenye umande, kisha boti ikatuvusha kwa nusu saa hivi hata kisiwa cha Colón, katika visiwa vya Bocas del Toro. Columbus alipita hapo mwaka 1502. Mnamo mwaka 1899 kampuni ya United Fruit ilianza na kuweka makao yake hapa, ikaleta wafanyakazi wa Karibi kulima ndizi. Ugonjwa wa migomba ukaifukuza kwenda bara, na mji ukabaki na nyumba zake za mbao zilizosimama juu ya nguzo ndani ya maji. Leo zao la mji ni watalii.

Adhuhuri tuliingia katika mgahawa wa bibi mmoja mweusi. Akatuletea samaki, na wali. Nilipotia tonge la kwanza kinywani nilimtazama kijana, naye akanitazama. Ulikuwa wali wa nazi, wenye mbaazi ndani yake! Mbaazi wao huziita guandú. Bibi yule hakujua kwa nini Waafrika wawili wanacheka na kufuta macho juu ya sahani za wali. Tulipomfahamisha kwa ishara kuwa huko kwetu tunakuna nazi vile vile, alituongezea bila ya kuhesabu.

Usiku wa Bocas ni tofauti na wa mjini. Mjini watu hunywa juu ya madari. Bocas hunywa juu ya maji. Baa zimejengwa juu ya nguzo, nyingine sakafu imetobolewa ili mlevi ajitumbukize baharini akitokea kwenye dansi. Boti ndogo huwavusha vijana kutoka kisiwa hiki kwenda kile, kila mmoja na chupa mkononi. Wengi wao ni watoto wa Ulaya na Marekani, umri wa miaka 20 au 22, wametoka nyumbani mara ya kwanza. Jumamosi jioni mpwa wangu akaniambia kwamba vijana wa nyumba ya wageni wanavuka kwenda Carenero, kisiwa cha pili kilicho mbele yetu, naye anataka kwenda. Nikamkumbuka mzee wa Kigujarati. Nikasema, "Nenda, lakini saa sita uwe hapa."

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Niliketi mwisho wa gati nikizitazama taa za ng'ambo, na muziki ukija juu ya maji kwa mawimbi. Nilimsomea dua zote nilizozijua, na baina ya dua nilitunga maneno makali. Saa nane kasorobo boti ikaja bila taa. Mpwa wangu akapanda gatini akipepesuka, nguo zimeloa, viatu hana. Akaniambia salamu kwa sauti iliyokwaruza. Mimi sikuijibu salamu ya Muislamu. Nilimsogelea nikainamisha uso wangu mpaka kinywani pake.

"Mjomba," akasema, "unaninusa?"

Alikuwa ananuka maji ya bahari na dizeli. Mwenye boti, Mngäbe mmoja wa makamo, ndiye aliyenieleza. Katika mlango wa bahari kijana mmoja wa Kizungu, mlevi hoi, alisimama kwenye ubavu wa boti iliyokuwa mbele yao ili apigwe picha, akaanguka, na wenzake wakacheka wakidhani ni mchezo. Mpwa wangu hakucheka. Baharia ajua mtu aliyeanguka baharini usiku ana muda gani. Alijitupa na nguo zake. Walimwinua wakamlaza kifudifudi, akatapika maji na pombe, akafufuka. Wakampeleka zahanati, na kijana wetu alikaa naye mpaka alipoweza kulitaja jina la mama yake. Simu yangu hakuweza kuipiga, kwa kuwa yake ilikuwa chini ya bahari.

Nilimwomba radhi pale pale. Alisema "Haidhuru, Mjomba," lakini mtu husema haidhuru kwa namna nyingi. Asubuhi alikunywa chai bila ya kuzungumza.

Jumapili nilimwambia kuwa kuna usiku mwingine ninaotaka twende kuuona. Upande wa pili wa kisiwa, kilometa nane hivi kutoka mjini, iko fukwe ndefu iitwayo Bluff, ambako tangu mwezi wa Machi hadi Julai kasa wakubwa wenye gamba la ngozi hupanda mchangani kutaga. Watu hupelekwa kwa makundi madogo na vijana wa kisiwani waliofundishwa kazi hiyo. Masharti yalikuwa mawili: kunyamaza, na kutowasha taa yoyote ila taa nyekundu ya kiongozi. Tulitembea gizani tukiongozwa na weupe wa povu, na muziki wa mji haukufika huko hata kidogo.

Baada ya saa mbili kiongozi akainua mkono. Mbele yetu lilikuwa kama jiwe linalojisogeza. Kasa yule alikuwa na urefu unaomzidi mtoto wa miaka kumi, na uzito wa watu wanne au watano wazima. Alichimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hili likichota mchanga, lile likingoja zamu, kwa utaratibu wa mshonaji. Machozi mazito yalimtoka. Ni chumvi ya bahari ambayo mwili wake huitoa kwa njia hiyo, lakini aliyeona hawezi kulifikiria hilo kwa wakati ule. Alitaga mayai mengi meupe, kila moja kama mpira mdogo. Kiongozi alitunong'oneza kwamba vitoto hutoka baada ya miezi miwili, usiku, na Mwenyezi Mungu amewatia ilhamu ya kwenda panapong'aa, maana fukwe isiyo na watu pang'aapo ni bahari. Panapowashwa taa za baa huenda kwenye taa. Asubuhi huonekana wamekaukia njiani. Alituambia pia, bila ya kuona haya, kwamba babu yake alikuwa akiyachukua mayai hayo na kuyauza mjini.

Kasa alifukia shimo, akalipigapiga, akarejea majini polepole, akivuta pumzi kama mtu mzima apandaye ngazi. Wimbi likamchukua. Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa, mikono kichwani.

Tulipofika barabarani kungojea teksi, nje ya fukwe penye ruhusa ya taa, aliniomba simu yangu. Ilikuwa saa tano na nusu za usiku. Kwa dada yangu ni saa moja na nusu asubuhi, amekwisha kuanua chai. Kijana alimwamkia, akamhadithia habari ya wali wa mbaazi kwa urefu, na bibi aliyewaongezea. Akamhadithia kasa, machozi yake, na jinsi alivyofukia. Habari ya Carenero hakuitaja. Kisha akanipa simu.

"Kaka," dada yangu akasema, na sauti yake ilisikika hata nje, "umenilindia mtoto?"

Kabla sijajibu, kijana aliniinamia, akafungua kinywa mbele ya pua yangu, akapumua kwa nguvu. Harufu ya nazi. Nikashindwa kujizuia, naye akashindwa, tukacheka mpaka mwenye teksi aliyekuwa akifika akateremsha kioo kututazama.

"Mnacheka nini huko?" dada yangu akauliza.

"Atakuhadithia mwenyewe," nikamwambia, "akifika."